Mama Mmoja, Baba Mmoja

Siku ya kwanza kazini nilipewa aproni za plastiki, pakiti ya glavu na anwani ya ghorofa moja Stratford, hapa London, nikaambiwa niende. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tano, Morogoro, na hilo la tano lenyewe sikulimaliza, mwalimu wetu alihamishwa, lakini hayo ni mengine.

Kazi ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao. Nyinyi mnaoanza leo mnaandika kwenye simu. Sisi tulibeba kalamu. Mzee wa siku ile alikuwa mkubwa, miguu imekufa, na kumtoa kitandani kulitaka hoisti. Hoisti ni winchi ndogo ya magurudumu: unampitishia kitambaa chini ya mapaja, unakinasa kwenye ndoano, unabonyeza, anapanda taratibu. Lazima muwe wawili, mmoja abonyeze, mwingine amshike mzee na kuongea naye asiogope. Huyo wa pili alikuwa Nekesa, Mkenya wa Bungoma. Nikagonga kiti, nikasema pole.

"Nyinyi Watanzania," akasema, "mnakipa pole hata kiti. Kesho utakiamkia shikamoo."

Nilicheka mpaka mzee naye akacheka, ananing'inia hewani. Tukafanya kazi pamoja miaka kumi na moja.

Koodineta wetu, yule wa ofisini anayepanga nani aende wapi, alikuwa mama wa Kijamaika, mkali. Kila nyumba ilikuwa na faili la mteja, na kabla ya kutoka unaandika: amekula nini, amekunywa kiasi gani, ngozi ikoje, saa ngapi.

"Hukuandika, hukufanya," alituambia. "Hata kama umemwogesha mpaka anang'aa."

Sasa niseme wazi, nimezeeka. Mimi na Nekesa tulipendana. Tulikodi chumba Tottenham, kitanda kimoja, na kanisani tukasema tu ndugu, maana ndugu wawili hawaulizwi. Kwenye fomu ya nyumba, pale pa uhusiano, nikaandika dada. Kisha nikawaza, kwetu kila mtu ni dada, mwenye nyumba atatia shaka. Nikaongeza kwa mkono wangu: mama mmoja, baba mmoja. Kwa daktari nikaandika vivyo hivyo. Nilijiona mjanja.

Karatasi za Nekesa za kuishi Uingereza zilipoisha muda, aliomba hifadhi, kwa sababu tusingeweza kuishi pamoja kwao, wala kwetu. Nikaenda kumtolea ushahidi. Hakimu, mwanamke mpole mwenye miwani, alizigeuza fomu zangu moja moja.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Wangu, mheshimiwa."

"Basi ulidanganya wakati ule, au unadanganya leo?"

Nikasema wakati ule. Hakuniamini, na ombi likakataliwa. Miaka kumi na moja, na hapakuwa na karatasi hata moja tuliyoiandikia ukweli.

Nje, kwenye kituo cha basi, nililia. Nekesa akanifuta kwa skafu yake. "Mama mmoja, baba mmoja," akasema. "Si ungeongeza na babu?"

Hakungoja kupandishwa ndege ya kurudishwa kwao. Alipata kazi ya kulea wazee Cape Town, kule ambako wanawake wawili wanaoana na kupewa cheti. "Njoo," akasema. Nikasema mwakani. Nilisingizia magoti, nikasingizia pensheni. Ukweli ni kwamba niliwaogopa akina mama wa kanisani, ambao nusu yao sasa ni marehemu. Mpaka leo nikitandika kitanda, nashika pembe ya shuka nangoja mtu avute ile nyingine.

Nilistaafu. Kiangazi hiki nimepasuliwa goti, na sasa mteja ni mimi. Alikuja binti mmoja kunihudumia, wazazi wake Wakenya. Kiswahili anakisikia, anajibu Kiingereza. Akafungua faili langu, akauliza likitokea jambo wampigie nani.

"Nekesa. Yuko Cape Town."

Akauliza kama ni dada yangu.

"Hapana. Lete kalamu."

Nikaandika mwenyewe, kwa Kiswahili: mpenzi wangu. Akasoma, akanitazama, akasema, "Okay, Auntie," akataka kulifunga faili.

"Ngoja, mwanangu. Saa haijawekwa."

Nikaiweka: saa nne na dakika kumi asubuhi. Kwake Nekesa ilikuwa saa tano na kumi, wakati wa kumpandisha mtu kwenye hoisti, na mwenzake mwingine amesimama upande uliokuwa wangu.