Kinyozi na Mita Mia Nane

Mume wangu ni kinyozi, na ana mkono mwepesi. Watoto husinzia huku anawanyoa. Figo zake zilipogoma, akawa ananyoa ameegemea ukuta, miguu imevimba hadi viatu vinamkataa. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, ndiye aliyempa figo moja. Hakuombwa. Alikwenda kupimwa, akarudi, akasema, "Vipimo vimekubali," kisha akaendelea kushona suruali ya mtu.

Nampenda wifi yangu, lakini tangu siku hiyo nyumba yangu haikuwa yangu tena. Kila asubuhi lazima apite. Umemeza dawa? Umekunywa maji? Mume wangu akibeba ndoo, kesi ni yangu: "Wifi, na wewe unamwangalia tu?" Akitembea haraka, anapigiwa kelele toka ng'ambo ya barabara: "Taratibu!" Na yeye, mtu mzima na ndevu zake, anapunguza mwendo.

Basi kliniki wakamwambia kuna mashindano ya kimataifa ya watu waliopandikizwa viungo: figo, ini, hata moyo. Daktari alimpima, akamruhusu kukimbia. Wifi akaja juu.

"Ukimbie, unakimbizwa na nani?"

"Daktari kasema mwili unataka mazoezi, dada."

"Daktari ana figo mbili!" Kisha sauti ikamshuka. "Hiyo ikiharibika, mdogo wangu, mimi sina nyingine ya kukupa."

Miaka yote hiyo nilimwona mkorofi tu, kumbe mwenzangu alikuwa anaogopa.

Mume wangu akasema bila ridhaa ya dada yake haendi. Wifi akanuna wiki nzima, halafu akaleta kaptula aliyoishona mwenyewe, mpira wa kiunoni ameulegeza usibane ile figo tumboni. "Na mimi nakuja," akasema. "Huko nani atakuangalia?"

Uwanjani tulikaa jukwaani katikati ya watu wa lugha nisizozijua, kila familia na mgonjwa wake wa zamani. Mita mia nane. Mume wangu alianza nyuma kabisa, akapita mmoja, akapita wengine. Kona ya mwisho alikuwa wa pili, na bwana mwenye upara aliyeongoza alishachoka. Nikasimama. Wifi naye akasimama, akamwona mdogo wake mdomo wazi, mishipa ya shingo imetoka, akapasua koo: "Taratibu!"

Akapunguza. Haki ya Mungu, akapunguza! Miguu ilitii kabla kichwa hakijafikiri. Watatu wakampita, akamaliza wa tano.

Sikujua nicheke au nilie. Wifi alishuka ngazi mbiombio, nami nyuma yake, tukamkuta amekaa kwenye nyasi anahema.

"Umepunguza kwa nini?"

"Si umesema wewe?"

"Na mimi nikisema ndio nini? Ulikuwa unamkamata yule kipara!"

"Nitakubishiaje, dada, na figo ni yako?"

Wifi akamtazama. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, kwa hasira.

"Ni yako," akasema. "Nilikupa, sikukuazima. Kesho si kuna mita mia nne?"

"Zipo."

"Basi mimi siji. Nikikuona nitapiga kelele tena. We kimbia."

Kesho yake alibaki hotelini, simu ameizima, mlango ameufunga kwa ndani.