Baiskeli Niliyouziwa Njia ya Singino

Kabla hujacheka, nisikilize. Siku ile sikuwa na homa, pombe sijawahi kuionja, na macho yangu mpaka leo yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Haya yamenipata mimi mwenyewe, si jirani yangu wala binamu wa jirani. Mwenye bucha wa Nangurukuru yupo hai, ingawa ukimtajia habari hii anafunga duka na kwenda msikitini hata kama si wakati wa swala.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye mtaji akaruhusiwa kuleta anachotaka. Sisi watu wa Kilwa Masoko tuliozoea foleni ya sabuni, ghafla tukaona redio za kaseti na viatu vya mitumba vimemwagwa chini kama mihogo. Tajiri mmoja kutoka Dar akajenga nyumba ya wageni karibu na ufuko, na ili tumjue, akatangaza mashindano ambayo hatujapata kuyasikia. Unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli mpaka Nangurukuru, halafu unakimbia kwa miguu hadi Kivinje. Mshindi anapewa friji la mafuta ya taa.

Friji! Mimi nilikuwa nauza maandazi na juisi ya ukwaju sokoni, na juisi yenyewe ya moto. Unaijua shida ya kuuza juisi ya moto Kilwa mwezi wa Februari? Mteja anakunywa kwa kukuhurumia. Nikamwambia mume wangu Hamisi, "Lile friji ni langu."

Hamisi ni seremala, maneno yake machache. Akaniangalia. "Na kuogelea?"

"Mimi mtu wa Kinjumbi, Baba Rehema. Maji nimeyajua kabla ya uji."

Kukimbia hakukunitisha, kuku wangu walinifundisha kila jioni. Kilichokosekana ni baiskeli. Kuendesha nilijua, za kuazima, lakini ya kwangu sikuwahi kuwa nayo.

Nikaenda kwa fundi Chilumba. Alikuwa nazo mbili. Ya kwanza nyeusi, ya chuma kitupu, ndefu. Nikikaa kwenye siti miguu inaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Ya pili mtumba kutoka ng'ambo, ina gia, nyepesi mpaka niliinyanyua kwa mkono mmoja. Aliponitajia bei niliirudisha chini taratibu, nisije nikaikwaruza.

"Chukua nyeusi, shemeji," Chilumba akasema. "Itadumu mpaka wajukuu."

"Sitaki ya wajukuu. Nataka ya Jumamosi."

Watu wakaniambia malori yanashusha mitumba Nangurukuru, huko bei nafuu. Nikadandia lori la chumvi nikaenda. Nilichokuta ni kibaiskeli cha mtoto cha magurudumu matatu, nacho kina mteja. Nikaanza kurudi kwa miguu, nikitegemea gari litakalopita. Halikupita. Jua likafika utosini, barabara nyeupe, hata ndege kimya. Karibu na njia ya kwenda Singino nikamwona bibi mmoja amesimama juani, kanga zake safi kabisa, ameegemea baiskeli nyekundu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta baiskeli."

Hakuniuliza, alisema tu. Ungekuwa wewe, ungekimbia? Mimi niliangalia matairi.

"Naiuza," akasema. "Mifupa yangu imechoka safari za usiku."

Nikaikagua kama Chilumba alivyokuwa akifanya. Matairi mazima, breki zinashika. Siti imefunikwa ngozi yenye manyoya na madoa, imeliwa liwa na jua. Kitu kimoja tu kilinishangaza: gurudumu la mbele lilikuwa kubwa kuliko la nyuma. Nikajisemea huenda ndiyo mitindo ya huko zinakotoka. Nikagonga kengele. Wallahi, haikulia kama kengele. Ilicheka.

"Siti iko juu, bibi," nikasema.

Bibi akaipiga kofi la mgongoni. "Chuchumaa!" Ikashuka. Mguu wangu ukafika chini vizuri kabisa. Na mimi, badala ya kuanza kusoma Ayatul Kursiy, nikawaza: wazungu wana akili!

Bei ilikuwa chochote nilichofunga kwenye pindo la kanga. Nilipomkabidhi akanishika mkono. "Usiipitishe karibu na bucha. Na usiku ifunge."

"Kwa sababu ya wezi?"

"Wewe ifunge tu."

Nilipofika mtaani kwetu mbuzi wa jirani wote walipanda juu ya ukuta wa shule. Mbwa walilala chali. Hamisi aliizunguka baiskeli, akapima magurudumu kwa futi kamba yake, akayapima tena. Tukaifunga kwa katani kwenye nguzo ya jikoni. Asubuhi katani imekatika, baiskeli ina matope, na Hamisi amesimama mlangoni na kipande cha ngozi mkononi.

"Amekula ndala yangu," akasema.

"Nani?"

Akaonyesha baiskeli kwa kidevu. Nikamwambia ni panya. Hamisi akasema panya hawana matope. Nikamwambia mashindano ni kesho, na nikishinda nitamnunulia ndala za madukani. Shetani wa friji alikuwa ameshanipanda kichwani, niamini.

Jumamosi tukapanga mstari ufukoni, wote wanaume isipokuwa mimi, nimevaa suruali ya Hamisi chini ya gauni. Watu walicheka mpaka nilipoingia majini. Nilitoka wa tatu. Nikavaa viatu, nikajifunga kanga, nikaruka juu ya siti, na hapo ndipo nilipojua nimenunua nini.

Sikukanyaga pedeli. Nakwambia sikukanyaga! Ilikwenda yenyewe, mabega yake yakipanda na kushuka chini yangu, ikipumua. Sema baiskeli haina mabega. Hata mimi najua haina. Kijana wa Somanga aliyekuwa mbele, mwenye ule mtumba wa Chilumba wenye gia, nilimpita kwenye mlima kama nampita mgonjwa. Akanipigia kelele, "Mama, una gia ngapi?" Nikamjibu, "Sijazihesabu!"

Jua lilipokaza ikaanza kupiga miayo. Nikaisemesha kama ninavyomsemesha mwanangu asubuhi ya shule: kidogo tu, mama, tunakaribia. Nyumba za kwanza za Nangurukuru zikaonekana. Zamu ya kukimbia ilianzia njia panda, mbele kidogo tu. Lakini kabla ya njia panda, kushoto, palikuwa na bucha ya Mzee Bakari. Siku hiyo, kwa ajili ya wageni wa mashindano, alikuwa amechinja ng'ombe.

Nilikaza breki. Breki zililia kwa uchungu. Nilikata usukani kulia, tukaenda kushoto. Nikaangalia mikono yangu nione kwa nini usukani haunitii, nikakuta nimeshika masikio. Masikio mawili ya mviringo, ya moto, yana manyoya ndani. Chini yangu palikuwa na fisi mzima, mbele juu, nyuma chini, ulimi nje.

Mzee Bakari aliinua kichwa. Akamwona mwanamke amelowa maji ya bahari, juu ya fisi, anaingia dukani kwake saa nne asubuhi. Akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Unataka mfupa au steki?" Kisha akapitia dirishani. Fisi akashusha paja lote la ng'ombe kwenye kulabu, akalala nalo katikati ya sakafu, akacheka kwa ile ile sauti ya kengele.

Nikasikia mtu anasonya nyuma yangu. Ni yule bibi, kanga zake safi vile vile.

"Nilikwambia nini kuhusu bucha?" Akanirushia fundo langu la pesa, kamili. "Biashara imevunjika. Watoto wa siku hizi, mnanunua vitu hata maelekezo hamsikilizi." Akamshika fisi sikio, naye paja mdomoni, wakaingia kwenye shamba la mihogo nyuma ya duka. Majani hayakutikisika.

Nilikimbia. Sikukimbilia ushindi, nilikimbia kuliacha lile shamba. Kanga ilibaki njiani, kiatu kimoja kilibaki njiani. Nilifika Kivinje peke yangu, nikaupita utepe, nikaendelea mpaka waliponikamata karibu na maji. Watu wakanibeba juu juu. Hamisi akalia, mtu asiyelia hata msibani.

Hapo akatokea Mzee Bakari kwenye pikipiki ya watu, anahema. "Huyu mama namtambua! Amekuja dukani kwangu amepanda fisi!"

Nilifikiri tajiri atacheka. Lakini yeye alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Akaniuliza, "Mama, baiskeli yako iko wapi?" Nikaonyesha njia ya Nangurukuru kwa kidole. Wazee wa kamati wakateta pembeni, wakarudi. Mwenyekiti akakohoa. "Kanuni zinasema baiskeli. Mnyama hakutajwa. Mshindi ni kijana wa Somanga."

Na kweli alibeba friji. Mzee Bakari nilimlipa lile paja kidogo kidogo, kwa maandazi. Lakini hilo silo lililobaki. Kilichobaki ni kwamba tangu siku ile mjini wananiamkia shikamoo hata walionizidi umri, na sokoni hakuna anayethubutu kusema maandazi yangu ni madogo. Hamisi analala upande wa ukutani.

Kisha kuna wageni. Mwezi uliofuata walikuja wazee wawili, mmoja wa Kikole, mwingine wa Mitole, wapole, wamevaa kanzu. Walikaa ukumbini kwangu saa sita mchana, wakakataa chai. Wakanitazama kwa heshima kubwa. "Dada," akasema mkubwa wao, "sisi wenzako tumesikia wewe ndiye wa kwanza kutoka na fisi wako mchana, mbele za watu. Tumekuja kutaka ushauri. Hawa wetu wamezeeka. Unaonaje, tuhamie pikipiki?"

Niliwaambia mafuta ni ghali. Wakashukuru, wakaaga. Wamekuja tena mara nyingi, na kila wakija wanaleta mwenzao mpya.

Kwa hiyo wewe unayetafuta baiskeli yako ya kwanza na mfuko wako mwepesi, nakuomba: nunua kwa mtu mwenye duka, mbele ya mashahidi, na umuulize bila haya aliipata kwa nani. Ikikushinda bei, tembea. Na kama umeshanunua juani kwa bibi usiyemjua, usije kuniuliza cha kufanya. Wageni nilionao wananitosha.