Sufuria Yangu ya Sikukuu ya Somo

Kuuliza sikupenda tangu utoto. Afadhali nikosee kwa akili zangu kuliko kuelekezwa na mtu. Kwa tabia hiyohiyo nilifika Kaisho, nchi ya migomba, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mke wa mwalimu, mtoto wa Singida niliyekuzwa kwa ugali wa uwele, nikaingia nyumba ya mama mkwe ambaye kwa mwaka mzima aliniita mgeni. Hakuwa na ubaya. Mpeni mgeni kiti, mgeni ameshakula? Shikamoo yangu niliitoa kwa adabu, moyoni nawaka. Mgeni gani anachota maji, anapalilia maharage, anafua hadi mashuka? Nilitaka aniite mwanangu, kama alivyowaita wake wa wanawe wengine.

Basi sikukuu ya somo wa parokia ilipokaribia, nikaiona nafasi yangu. Somo wetu, mtakatifu msimamizi wa parokia, ni yule seremala wa Nazareti, na sikukuu yake ni Mei Mosi. Jumuiya yetu iliagiza kila kaya ilete sufuria ya ndizi. Mama mkwe alikuwa anawahi kanisani kupamba altare, akataka kumwita wifi yangu aje apike. Nikamwambia asihangaike, nitapika mimi. Aliniangalia kidogo, akakaza kanga yake, akaenda.

Nikaingia kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, na panga. Nikachagua mkungu mnene kuliko yote, nikamenya, nikatandika majani ya mgomba ndani ya sufuria kama nilivyoona wakifanya, nikapika mpaka zikalainika. Sikuonja. Mtu anayejua anaonja nini? Kwenye misa mahubiri sikuyasikia hata kidogo, akili yote ilikuwa kwenye sufuria.

Mezani katekista ndiye aliyetangulia. Alitafuna mara mbili, akaacha. Kumbe nilikata mkungu wa embiire, ndizi za kukamulia pombe! Zina ukakasi wa kukunja ulimi, na huko hata mtoto mdogo hazichanganyi na za kupika. Kina mama wakaanza kucheka ndani ya kanga zao. Mmoja akauliza kwa sauti sufuria hii imetoka kaya gani. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Mama mkwe akainuka kutoka mwisho wa meza, yeye ambaye parokia nzima ilimjua kwa upishi wake. Akaivuta sufuria, akajipakulia sahani ya kujaa, akaketi, akala. Kicheko kikakatika. Alimaliza yote, hata maji hakuomba.

"Kwangu tunapika hivi," akasema. "Asiyetaka apishe wengine."

Hakuna aliyepisha. Katekista akarudi kutafuna, macho chini.

Wapo wanaoikumbuka sikukuu ya somo kwa maandamano, kwaya na ugeni wa askofu. Mimi nikiulizwa maana yake, naiona ile sahani.

Kesho yake aliniita kibanjani, akanionyesha mgomba mmoja baada ya mwingine: huu wa pombe, huu wa kupika, huu wa kuchoma. Niliuliza maswali mpaka akachoka. Kisha akajishika kiuno, akaegemea mgomba na kuvuta pumzi.

"Tumbo limenisokota usiku kucha," akasema, "kwa ajili yako, mwanangu."