Simu Ambayo Bachal Hakuipiga

Bachal alizaliwa ndani ya mashua kwenye mto Sindhu, huko Pakistani, na kwa miaka mingi sifa yake ilikuwa moja: bulhan, wale pomboo vipofu wa maji ya matope, ambao kila mwaka walizidi kupungua. Kila Januari malango ya bwawa yanapofungwa, mifereji ya mashamba hukauka, na pomboo waliopotelea humo hukwama kwenye vidimbwi. Bachal ndiye aliyekuwa akiwaona kwanza, akawapigia simu watu wa wanyamapori waje kuwarudisha mtoni. Walimpa koti la kijani lenye picha ya pomboo mgongoni. Alilivaa hata harusini.

Mwaka ule samaki waliadimika. Bachal akatega wavu wa matundu madogo, ule uliopigwa marufuku, kwenye kidimbwi kimoja cha mfereji. Siku ya pili akaona mgongo wa kijivu ukichomoza, ukazama. Simu alikuwa nayo mfukoni. Lakini wakija wangeukuta wavu, na samaki ndio kwanza walikuwa wameanza kuingia.

"Kesho," akajisemea. "Nautoa, halafu napiga."

Kesho yake alimkuta pomboo jike amenaswa wavuni, amekufa kwa kukosa pumzi. Akamfukia mchangani.

Wiki iliyofuata ofisa wa wanyamapori alimkuta kwenye kibanda cha chai, akamshika bega mbele ya watu.

"Mzee wangu, mwaka huu hujaona hata mmoja?"

"Sijaona."

"Basi hawapo! Wangekuwepo, huyu angewakosa?"

Watu wakacheka kwa furaha. Bachal akaiacha chai yake, akaondoka.

Nyumbani alimkuta mpwa wake Sughra, mjane aliyekuwa akimshonea nyavu.

"Mjomba, mbwa wamefukua mchanga kule mferejini."

"Mbwa wana kazi gani nyingine?"

"Nimemfukia tena. Mdomoni ana nyuzi, mjomba. Nyuzi nilizozifunga mimi kwa mkono wangu."

Bachal hakuweza kumtazama. Mkate ulipoletwa, aliusukuma pembeni.

Asubuhi alirudi kibandani, akavua koti, akaliweka mbele ya ofisa.

"Nilimwona akiwa hai. Wavu ulikuwa wangu. Na simu nilikuwa nayo."

Mwenye kibanda akamnong'oneza, "Si ungenyamaza tu, Bachal? Nani angejua?"

"Sughra anajua. Na mimi najua."

Ofisa alichukua koti, na jina la Bachal likafutwa kwenye orodha ya walinzi wa pomboo.

Januari iliyofuata ni Sughra aliyepiga simu. Vijana walimbeba pomboo mwingine aliyekwama kwa shuka lililoloweshwa, wakampandisha ukingoni kungojea gari. Bachal alikuwa amesimama mbali, ndoo mkononi. Hakuna aliyemwita. Akashuka mwenyewe, akachota maji, akawa anammwagia mgongoni taratibu, asizibe tundu la pumzi, mpaka gari likafika. Macho ya Bachal yalipokutana na ya ofisa aliyekuja na gari, akayainamisha. Hakuna aliyemwambia ahsante, naye alishukuru kwamba hawakumwambia.