Log imenitaja mimi

Miezi yote hii nimemlaumu Mama Neema wa mapokezi kwa kosa langu mwenyewe.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta kwenye zahanati moja huku Ihumwa. Kila saa mbili asubuhi mfumo wa kusajili wagonjwa unaganda, foleni inafika nje.

Namwambia, "Mama, unabonyeza sana."

Ananijibu, "Sawa, mwanangu."

(Hiyo "sawa" leo inaniuma.)

Log, lile daftari ambalo database inajiandikia kazi zake, niliizima zamani. Ilikuwa inaandika kila kitu hadi diski inajaa.

Jana niliiwasha tena, ila kwa akili: iandike tu kazi inayozidi sekunde moja, na maandishi ya zaidi ya wiki yajifute.

Leo saa mbili mfumo ukaganda. Nikafungua log.

Mstari mmoja tu. Ripoti nzito, inajiendesha kila asubuhi.

Aliyeiweka: mimi.

Nikaisimamisha, nikaihamishia jioni. Foleni ikaanza kutembea.

Nikaenda mapokezi. "Shikamoo mama. Kumbe ni mimi."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nabonyeza kwa kidole kimoja."

Kesho nampelekea zabibu. Jamani, kilo moja inatosha kweli?