Pedali ya piano iligoma wiki ya ndoa ya binti yangu: nilivyoitengeneza kwa musumari

Wakuu, salamu kutoka Masisi.

Nasoma nyuzi zenu tangu zamani bila kuandika kitu. Leo niko na ya kwangu. Haina mapenzi wala uchawi, ni mambo ya pedali tu. Sijaongeza chumvi, na penye nilionekana mujinga nimepaacha vile vile. Kiswahili yangu ni ya huku kwetu, mutanivumilia.

Kwanza mujue mukono wangu.

Nilipokuwa kijana nilichimba mawe ya étain, yaani bati, kule Bisie, Walikale, wakati watu walikuwa wangali wanachimba kwa nyundo. Jiwe likaangukia mukono wa kushoto. Vidole viwili vikaenda. Cha tatu kilibaki lakini hakikunjiki.

Nikarudi Masisi kulima maharagi na mihogo kama watu wote wa kwetu. Kanisani nikaanza kupiga piano, ile ya umeme, ya plastiki, tunayowasha kwa batri ya solar.

Watu wananiuliza mutu wa vidole nusu anapigaje piano. Jibu ni pedali. Ukikanyaga, sauti inabaki inalia hata ukiondoa kidole, na wewe unapata nafasi ya kupeleka mukono kwingine. Kwa wengine pedali ni mapambo. Kwangu mimi njo vile vidole vyenye vilibaki Bisie.

(Hapana, sikurudi kuvitafuta.)

Sasa, binti yangu Furaha alipata muchumba, Innocent, kijana mupole wa Walikale. Ndoa yao ilisogezwa juu ya vita, ikasogezwa tena, watu wakikimbia na kurudi. Mwishowe tukasema safari hii inafanyika.

Furaha aliniomba kitu kimoja tu.

"Papa, wakati naingia kanisani, upige wewe. Sitaki muziki ya téléphone."

Nikamwambia sawa.

Wiki ile ile pedali ikagoma.

Tulikuwa kwenye répétition, mazoezi ya kwaya. Nimemaliza wimbo, nimeondoa mikono, nimeondoa na mguu. Sauti ya violon, ile niliyochagua kwenye piano, ikaendelea. Pasta akasimama kuomba, akainamisha kichwa, akangoja iishe. Haikuisha. Akaanza kuomba juu yake, na polepole maombi yake yakaanza kufuata ile sauti, kama anaimba.

Nikazima piano.

Watu wakasema "Amina", ijapokuwa alikuwa hajamaliza.

Nikachomoa pedali, nikajaribu wimbo wa bibi harusi bila hiyo. Ilisikika kama mutu anashuka ngazi na mabuti. Papa Hangi, kiongozi wa kwaya yetu, alisikiliza mpaka mwisho, ni mutu wa heshima. Kisha akasema, "Kaka, Innocent iko na flash yenye muziki. Tufikirie."

Sikutaka kufikiria.

Shemeji yangu Bauma alikuwa anashuka Goma. Nikamwomba aniletee pedali. Kosa lilikuwa langu: nilimwambia "pedali ya ile machine ya kanisa", na alikuwa na haraka.

Shemeji akapita Sake, akakaa sana Mubambiro kwenye barrière ya barabarani, akafika Goma, akarudi. Akatoa mufuko kwa heshima. Ndani mulikuwa pedali ya cherehani.

"Shemeji, hii ni ya kushonea nguo."

"Ulisema ya machine."

"Ni kweli."

"Na nilichagua yenye nguvu. Muuzaji alitaka kunipa ya chini, nikakataa."

Nikamushukuru. Tukaipeleka kwa jirani yetu, Mama Solange, fundi wa nguo, na robe ya Furaha, gauni ya ndoa, ikaisha mapema. Kwa hiyo safari haikuwa ya bure.

Siku ya mwisho kabla ya ndoa, muchana, niliweka piano juu ya meza nyumbani nikaamua kuifungua ile pedali mwenyewe.

Bibi yangu, mama yake Furaha, akasimama mulangoni. "Papa Furaha, unafungua na nini?"

"Na kisu."

"Kisu ya vitunguu?"

"Tuko na ingine?"

Alingoja kisu yake.

Vis, yaani skrubu, ziko chini, zimefichwa na mupira. Nilipotoa ya mwisho ressort, ile springi, ikaruka. Tuliipata kwenye maharagi aliyokuwa anachambua. Ndani ya pedali hamuna ajabu: vipande viwili vya chuma vinagusana, ukikanyaga vinaachana. Basi. Vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Nikasugua na gomu ya wanafunzi ya kufutia mpaka vikang'aa.

Nikachomeka. Sauti ikaanza vizuri, halafu ikagoma kuisha, kama kwanza.

Nikashika fil, waya ya pedali, karibu na kichwa chake, pale inapoingia kwenye piano. Nikaikunja huku, kimya. Nikaikunja kule, sauti. Kumbe fil ilikuwa imekatika ndani, na ikiachana piano inafikiri mutu amekanyaga.

Nikaikata, nikaimenya. Ilibaki kuunganisha, na kuunganisha kunataka soudure ya kulehemu. Na soudure, wakuu, ni étain.

Hapo nilikaa chini kidogo.

Malori yanatoa étain kwetu tangu nikiwa kijana. Mimi niliacha vidole nikiitafuta. Na ndani ya nyumba yangu hapakuwa na kipande cha kufunga fil moja.

Mimi sikucheka. Mama Furaha alicheka sana.

Tulikuwa na radio iliyokufa. Nikatoa ubao wake wa ndani, nikatia musumari mukubwa kwenye babula, jiko ya makaa, ulipowaka nikaushika na koleo, nikayeyusha vitone vya étain vya ule ubao. Lakini kazi ile inataka mikono miwili mizima. Furaha akatoka chumbani, nywele zimesukwa upande mumoja tu, akashika fil.

"Papa, ikishindikana..."

"Shika fil."

"Nasema tu. Ikishindikana, upige bado. Hata bila pedali."

"Itakuwa mubaya."

"Najua. Nilisikia siku ile ya répétition."

"Furaha, usitikise."

Hakutikisa. Étain ikashika. Nikapuliza mpaka ikapoa, nikafunga na utepe wa scotch.

Kutazama, Papa Hangi tayari amekuja na watu kuchukua piano waipange kanisani. Sikuijaribu.

Siku ya ndoa, kanisa imejaa. Nikachomeka, nikaweka mguu vizuri juu ya pedali, nikawasha. Furaha iko mulangoni, ameshika mukono wa Bauma kwa sababu mimi niko kwenye piano.

Nikapiga. Nikakanyaga, sauti ikakatika. Nikaachia, sauti ikabaki.

Kinyume.

Nilifikiri nimerudisha vile vyuma vibaya. Lakini kwaya imesimama, bibi harusi anatembea. Basi nikaanza kupiga kinyume: mguu chini wakati wote, na pale penye ningekanyaga, ninainua. Ni kama pikipiki ambayo frein na gaz, yaani breki na mafuta, vimebadilishana nafasi, na nyuma umebeba bibi harusi.

Katikati nilipotea, sauti zikajaa kama uji. Furaha akanitazama, akacheka, akaendelea kutembea. Alipofika mbele kwa Innocent paja langu lilikuwa linatetemeka peke yake. Macho yangu pia hayakukauka vizuri, nisidanganye.

Papa Hangi akaniambia, "Leo ulipiga na uso wa ukali."

Nikamwambia ni heshima ya ndoa.

Halafu wakazima piano, wakaihamisha kwenye sherehe, wakaiwasha. Nikakaa, nikapiga kinyume kama nilivyozoea. Ikawa mubaya kabisa, kwa sababu sasa pedali ilikuwa sawa.

Nilikuja kujua baadaye: piano kama yangu, inapowashwa, inaangalia pedali. Hali inayoikuta, inafikiri njo ya kupumzika, ya mguu kuwa juu. Na mimi niliwasha nikiwa nimekanyaga. Ningezima na kuwasha tena, kazi ingekuwa imeisha.

Basi, fundisho. Kabla ya kuwasha, toa mguu. Kabla ya kufungua vis, angalia fil. Na ukimutuma shemeji, mupe picha.

Wakuu wenye piano, za kwenu ziliharibika namna gani? Na kama kuna mutu aliyewahi kupiga ndoa nzima kinyume, ajitokeze, nisikae peke yangu.