Mawese ya Shangazi na Miguu ya Spe

Hapana, msiniambie tena eti "mtoto wa Kigoma hujui mawese ni mekundu?" Najua! Nimezaliwa Kasingirima, mama yangu anauza mawese, nimekula mawese kabla sijaota meno, na ndiyo maana aibu yenyewe hainitoki mpaka leo, maana ningekuwa mgeni aliyeletwa Kigoma kikazi ningepata cha kusingizia.

Kwanza mjue Spe ni nani. Ni Mrundi, tulikaa dawati moja sekondari, alivuka mpaka wakati wa vita akiwa mgongoni kwa mama yake, mtoto mchanga hajui hata jina lake. Basi mambo yalipoanza kutulia kule na wakimbizi wakawa wanarudi kidogo kidogo, yakatangazwa mashindano ya mbio ndefu kufuata barabara ya ziwa, kutoka Nyanza-Lac mpaka Rumonge, na Spe (anakimbia huyo, acheni kabisa) akasema anaenda. Si kwa ajili ya zawadi. Shangazi yake, ndugu pekee aliyebaki kule, angesimama Rumonge pale mbio zinapoishia. "Zuhura," akaniambia, "nilitoka kwetu nimebebwa. Nataka shangazi anione narudi kwa miguu yangu." Nikalia. Nikasema msaidizi wako ni mimi, niachie kila kitu. (Huo ndio mdomo wangu.)

Kazi ya msaidizi wala si ngumu: mnapanda gari lenu, mnashuka kwenye vituo, kila mmoja anampa mtu wake maji na chochote anachohitaji. Sasa wakati wa kufunga mkoba nikaona umejaa, na mimi nilikuwa na viatu vyangu vya kuchuchumia vya kupigia picha Burundi, basi nikatoa kopo la Spe la mafuta ya mgando nikaliacha kitandani. Nikasema mafuta tu hayo, kwani huko hakuna mafuta? Chupa ya mawese, zawadi ya mama kwa shangazi, sikuitoa kwa sababu mama alikuwa amesimama ananitazama.

Kituo cha tatu Spe anafika, wasichana wawili tu ndio walio mbele yake, lakini anatembea kapanua miguu kama bata. "Sha, rafiki yangu, mapaja yanawaka! Mafuta yako wapi?" Nikapekua mkoba kana kwamba yangejileta yenyewe. Nilichoshika ni ile chupa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka, ningekwenda kuuliza, ila mimi kusubiri siwezi, ndio ugonjwa wangu, nikaona watu wanampita, nikafungua nikammiminia mapajani karibu nusu chupa. "Yanateleza?" "Yanateleza!" Akachomoka. Nikajipongeza, tena kwa sauti.

Jua la saa sita likafanya kazi yake, mawese yakachanganyika na jasho, yakashuka taratibu mpaka kwenye soksi nyeupe. Gari letu lilipata pancha, kwa hiyo nilipofika kituo cha mbele nikamkuta Spe amelazwa kwenye machela anarusha mateke, na nesi mmoja mgeni wa watu wa misaada, hajui Kiswahili wala Kirundi, amemwinua miguu juu, uso umempauka, anatafuta damu inatokea wapi. "Niache nikimbie!" Spe anapiga kelele. Nikammwagia nesi Kiingereza changu chote cha sekondari, akanijibu kwa Kifaransa chake chote. Watu wamejaa, na wale ni watu wa ziwani, wamekwisha kunusa, wanakufa kwa kicheko.

"Mawese hayo!" mama mmoja anapiga makofi. "Leteni muhogo, msichana ameshaungwa!"

Ndipo nikafanya lile jambo. Nikapitisha kidole kwenye muundi wa Spe, juu mpaka chini, nikakiweka mdomoni, nikanyonya, nikamtazama nesi huku nikiitikia kwa kichwa kumwonyesha ni matamu. (Hayakuwa matamu. Yalikuwa na jasho na vumbi la barabara nzima.) Nesi akapiga yowe. Kijana mmoja nyuma akasema, "Jamani, Kigoma wanawala wakimbizi!" na mimi nikakalishwa chini, nikapewa maji, mgonjwa wa pili.

Walipomfuta wakakuta hakuna hata mkwaruzo, lakini namba yake walikuwa wamekwisha kuivua. Aliyelazwa kwenye machela haendelei, ndiyo sheria. Tukapakiwa wote wawili kwenye gari la wagonjwa mpaka Rumonge. Pale mwisho shangazi, mwanamke mrefu kajifunga kitenge kipya, alikuwa anachungulia barabarani, kila msichana akitokea anainua mkono, halafu anaushusha. Sisi tukatokea nyuma yake. Spe akateremshwa, ameshikwa huku na huku na wahudumu wasiotaka akanyage mwenyewe, soksi nyekundu. Shangazi akageuka, akamkumbatia mpaka wote wawili wakakaa vumbini, na nikamsikia Spe anasema begani kwake, "Nimebebwa tena, shangazi. Nimebebwa tena."

Jioni tukala ugali nyumbani kwa shangazi. Spe hakunitukana, angenitukana ningepata nafuu. Nikaapa sitajiita msaidizi wa mtu mpaka nijifunze kusubiri, halafu nikaona kiapo changu hakimsaidii Spe chochote, nikamfuata shangazi jikoni.

"Shangazi, kesho asubuhi naomba usiende shamba. Jifunge kile kitenge, usimame tena pale pale."

Kisha nikamwambia Spe kwamba kukipambazuka tunatafuta gari la kuturudisha mpaka pale alipolazwa, na kutoka pale anakimbia, na mimi nitakuwa nyuma yake kwa miguu, mimi Zuhura ambaye hata kengele ya shule haijawahi kunikimbiza, na safari hii sibebi kitu ila maji.